Ibra, Sur na Nizwa: Majumba yaliyosimama kwa mali ya Afrika Mashariki

Barabara kuu itokayo Muscat kuelekea kusini mashariki hupanda milima mikavu ya Hajar, ikateremka tena katika nchi tambarare yenye mitende, na baada ya kilomita zipatazo 170 humfikisha msafiri katika mji wa Ibra. Mji wa leo ni wa kawaida: maduka, benki, misikiti mipya myeupe na nyumba za saruji zenye kuta ndefu. Lakini nyuma yake, kando ya mashamba ya mitende, iko mitaa mikongwe ya mawe na udongo, Al Munisifeh na Al Qanatir, ambayo wakazi wake wengi walikwisha kuhama. Humo majumba ya ghorofa mbili na tatu yamesimama bila mapaa, milango mingine imefungwa kwa minyororo, mingine imekwisha kung'olewa, na juu ya vilima vya jirani iko minara ya walinzi isiyo na walinzi.

Msikilizaji aliyekulia Unguja, Lamu au Bagamoyo akiingia katika vichochoro vile hatajihisi mgeni sana. Atakuta mabaraza ya kukalia, zidaka zilizochimbwa ndani ya kuta za vyumba, na mbao za milango zilizotiwa nakshi za maua. Chumba cha kupokelea wageni wanaume wenyeji hukiita sabla, neno lisilo mbali na sebule ya Kiswahili. Hata ule udongo uliochomwa kwa kuni za mitende, ukasagwa na kuchanganywa na chokaa ili kuziba mifereji na mabirika yasivuje, Waomani huuita saruj. Jina ambalo Waswahili hulitumia leo kwa unga wa kiwandani unaouzwa kwa mifuko.

Kufanana huko hakukutokea kwa bahati. Sehemu kubwa ya fedha zilizojenga majumba ya Ibra ilivuka bahari kutoka Zanzibar na bara lililo nyuma yake.

Njia ya mali

Majeshi ya Imamu Saif bin Sultan, wa ukoo wa Ya'rubi, yaliiteka Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwezi Desemba 1698, baada ya kuwazingira Wareno kwa miezi 33. Tangu hapo pwani ya Afrika Mashariki haikutoka tena katika mawazo ya Waomani. Sayyid Said bin Sultan alipoyahamishia makao yake Zanzibar katika miaka ya 1830, koo za Sharqiyah zilimfuata, na nyingine zilikuwa zimekwisha kumtangulia. Maarufu kati yao ni Wahirthi, yaani akina al-Harthi, pamoja na tawi lao la al-Barwani, na akina al-Maskari. Huko kwao Ibra yenyewe iligawanyika sehemu mbili: Sufala, ya chini, iliyokuwa ya Wahirthi, na Alaya, ya juu, ya akina al-Maskari. Pande hizo mara nyingi hazikupatana, na minara juu ya vilima haikujengwa kwa ajili ya pambo.

Majina hayo hayatakuwa mageni kwa wasomaji wa historia ya Afrika Mashariki. Wahirthi wa Zanzibar walikuwa na nguvu kiasi cha kuthubutu, mwaka 1859, kumuunga mkono Barghash dhidi ya nduguye Majid aliyekuwa kwenye kiti. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza vita dhidi ya Wajerumani katika pwani ya Tanganyika, na akanyongwa mjini Pangani mwezi Desemba 1889. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye watu walimwita Rumaliza, alikuwa na sauti kubwa katika biashara ya Ujiji na kingo za Ziwa Tanganyika. Misafara ya wafanyabiashara wa namna yake ndiyo iliyokipeleka Kiswahili hadi mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo hata mtu wa Kasongo au Kindu anayo sehemu yake katika kuta hizi, ijapokuwa huenda hajawahi kulisikia jina la Ibra.

Mali yenyewe ilikuwa ya aina tatu: karafuu za Unguja na Pemba, pembe za ndovu kutoka bara, na watu. Hii ya tatu ndiyo inayotajwa kwa sauti ya chini. Watumwa walilima mashamba ya karafuu visiwani, walibeba pembe kutoka bara hadi pwani, na wengine walipakiwa majahazini wakaletwa Oman kutunza mitende, kupiga mbizi za lulu na kuhudumu majumbani. Katika karne ya 19 tende za Oman, hasa zile za aina ya fardh, zilipata soko hadi New York, na soko hilo lilihitaji mikono. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, hali ya utumwa ikakoma kutambuliwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini katika Oman utumwa ulipigwa marufuku kabisa mwaka 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani.

Mgeni anayezuru nyumba za kale katika nchi yoyote huonyeshwa dari na milango kabla ya kitu kingine, na ni vizuri aonyeshwe, kwani kazi ya mafundi wale ni ya kustahiwa. Swali la fedha zilitoka wapi huja baadaye, pengine lisije kabisa. Uingereza, nchi yenye desturi kongwe ya kufungulia umma majumba ya mabwana wa zamani, haikulikwepa swali hilo bila kelele. Shirika la hifadhi la National Trust, lililoundwa mwaka 1895, lilitoa ripoti mwezi Septemba 2020 likitaja maeneo 93 yaliyo chini yake kuwa yana uhusiano na ukoloni au utumwa, na ripoti hiyo ikazusha ubishi mkali magazetini na bungeni. Majumba ya Ibra hayajapata mjadala wa namna hiyo. Hata hivyo wajukuu wa waliojenga na wajukuu wa waliobeba wapo, wote wawili, na mara nyingi wanazungumza lugha moja.

Nyumba ya warithi 200

Kwa nini basi majumba yaliyogharimu mali nyingi hivyo yaachwe yaanguke?

Jibu la kwanza ni udongo. Kuta za Ibra ni za mawe na matofali mabichi, zikapigwa lipu ya udongo uliochanganywa na makapi ya nafaka. Paa hutandazwa magogo ya mitende, juu yake mikeka na makuti, kisha tabaka nene la udongo. Nyumba ya namna hiyo ni baridi wakati wa kiangazi na haihitaji mashine, lakini haivumilii kupuuzwa. Mvua za milimani ni chache lakini hunyesha kwa nguvu. Maji yakipata ufa mmoja darini, gogo huoza, mchwa humalizia, paa huporomoka, na vichwa vya kuta hubaki wazi. Kuanzia hapo kila mvua huchukua sehemu yake. Tufani Gonu iliyopiga mwezi Juni 2007, na ambayo ilileta maafa makubwa Muscat na Sharqiyah, ilionyesha nguvu ya maji katika nchi inayodhaniwa kuwa kavu.

Jibu la pili ni maendeleo, na hapo hapana wa kulaumiwa. Baada ya 1970 zilikuja barabara, umeme, maji ya bomba na shule. Familia zilijenga nyumba mpya nje ya kuta za zamani, mahali ambapo gari linaweza kufika mlangoni na mashine ya kupoza hewa inaweza kufungwa dirishani.

Jibu la tatu ni mirathi, na hili huenda ndilo gumu kuliko yote. Chukua mfano wa tajiri aliyeacha watoto sita. Kila mtoto naye akiacha sita, na hao wakiacha sita kila mmoja, nyumba moja katika kizazi cha tatu ina wenyewe 216. Wengine wako Ibra, wengine Muscat, wengine Zanzibar, Mombasa, Bujumbura, Dubai au London. Kuuza ni lazima wakubaliane. Kukarabati ni lazima wachangie. Na kuiachia serikali ni lazima wasaini. Aghalabu lililo rahisi ni kufunga mlango kwa mnyororo na kungoja.

Sheria ipo. Oman ilikuwa na wizara ya urithi tangu 1976, sheria ya kuhifadhi urithi wa taifa ilitolewa mwaka 1980, na mahali pake ikaja sheria mpya ya mwaka 2019. Mwaka 2020 shughuli za urithi na za utalii ziliwekwa chini ya wizara moja. Ngome na makasri yamefaidika sana: mamia ya minara na husuni yamekarabatiwa katika kipindi cha nusu karne. Lakini ngome ni mali ya dola. Nyumba ya mtu ni mali ya mtu, na hapo mkono wa wizara hufupika.

Kijiji cha Al Mudhairib, mwendo mfupi kutoka Ibra, kinampa mgeni picha ya jinsi mambo yalivyokuwa, kwani baadhi ya sabla zake za ukoo bado zina mapaa. Na ikiwa siku ni Jumatano, mjini Ibra kuna soko la asubuhi la wanawake watupu, wauzaji na wanunuzi, ambako hupatikana vitambaa, udi, manukato na vito vya fedha. Wanaume hungoja nje.

Waliorejea

Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964, maelfu ya watu wenye asili ya Oman waliuawa au wakakimbia. Wengi hawakuweza kuingia Oman moja kwa moja, kwa sababu Sultan Said bin Taimur aliifunga nchi yake. Walitawanyika Cairo, Dubai, Kuwait, Uingereza. Mlango ulifunguliwa mwaka 1970, na waliorejea, wakiwa na elimu na Kiingereza, walipata kazi katika wizara, hospitali, makampuni ya mafuta na shule za taifa jipya. Miongoni mwa waliomalizia maisha huko ni Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, aliyekuwa waziri katika serikali iliyopinduliwa, ambaye baada ya miaka mingi ya kifungo Tanzania alitafsiri Qur'ani kwa Kiswahili na akafariki Muscat mwaka 2006.

Kurejea hakukuwa jambo jepesi. Mtu aliyezaliwa Ng'ambo au Wete aliambiwa kwamba kwao ni Ibra, akaenda kuonyeshwa gofu la babu wa babu yake. Kule alikotoka aliitwa Mmanga. Huku alikofika akaitwa Mzanzibari. Hata leo katika nyumba za Ibra, Sur na Muscat Kiswahili husikika kwa wazee, na mishkaki ya kando ya barabara huliwa na Waomani wote bila kuuliza asili yake. Vijana wanaelewa zaidi kuliko wanavyosema, nao watoto wao wanajibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Simulizi za majumba, nani alijenga, nani alihudumu ndani yake, mlango gani uliletwa na jahazi gani, zimo vichwani mwa wazee hao, na nyingi zimehifadhiwa katika lugha ambayo wajukuu wanaipoteza.

Sur, mji wa majahazi

Kutoka Ibra barabara inapita kando ya mchanga mwekundu wa jangwa la Sharqiyah, ambalo ramani za zamani huliita Wahiba, hadi Sur kwenye bahari. Tangu mwaka 2011 Sharqiyah imegawanywa mikoa miwili, wa kaskazini ukiwa na makao yake Ibra na wa kusini Sur.

Wasuri walikuwa mabaharia. Walishuka na upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba, wakibeba tende, chumvi na samaki wakavu. Walipandisha na kusi wakirudi na boriti za mikandaa kutoka Lamu na Rufiji, karafuu na nafaka. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki majahazi yao yalingojewa kwa furaha na kwa hofu pia, maana katika karne ya 19 msimu wa kaskazi ulikuwa msimu wa kuficha watoto wasiibwe.

Hofu hiyo iliacha alama yake hata katika sheria ya kimataifa. Manahodha wa Sur waligundua kwamba manowari za Kiingereza zilizowinda meli za watumwa hazikuwa na haki ya kupekua chombo chenye bendera ya Ufaransa. Wakaenda kuomba bendera hiyo, na Wafaransa wakawapa. Ugomvi ulikua hadi Uingereza na Ufaransa zikafikishana mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague, ambayo ilitoa hukumu mwezi Agosti 1905. Waamuzi walisema kwamba baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kutoa bendera yake kwa wenye vyombo wa Oman isipokuwa wale waliokuwa chini ya himaya yake kabla ya 1863. Wanafunzi wa sheria bado wanaisoma kesi ya majahazi ya Muscat; wachache kati yao wanajua kwamba kiini chake ni mji huu mdogo wenye hori la bahari lililojipinda kama mundu.

Kando ya hori hilo bado kuna karakana ya majahazi. Fundi wa Sur hachori ramani. Huanza na mkuku, akapanga mbao za msaji za ubavuni kwanza, na mataruma ya ndani huyatia baadaye, kinyume cha mafundi wa Ulaya. Hapo ndipo ilipojengwa mwaka 1980 meli iitwayo Sohar, isiyo na msumari hata mmoja, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi kama ulivyoshonwa mtepe wa Waswahili, ambayo Tim Severin aliisafirisha hadi China. Na nchi kavu, karibu na maji, limewekwa jahazi Fatah al-Khair, lililoundwa Sur mwaka 1951. Liliuzwa, likaishia Yemen, na mwaka 1993 watu wa Sur walilinunua tena na kulirudisha nyumbani. Kwa hakika hicho ni kitendo cha kutazamwa na warithi wa majumba ya Ibra: mali iliyokuwa mikononi mwa wengine ilikombolewa na mji mzima.

Ng'ambo ya hori, ukivuka daraja la kuning'inia lililokamilika mwaka 2009, uko mtaa wa Al Ayjah wenye nyumba nyeupe na mnara wa taa. Jioni ndipo penye kupendeza zaidi.

Kaskazini ya Sur, kwa mwendo wa chini ya nusu saa, ziko magofu ya Qalhat, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika hapa baadaye kwa miguu kutoka Sur, huku mwongozaji aliyemkodi akimvizia amnyang'anye nguo zake. Aliusifu msikiti wa vigae uliojengwa na Bibi Maryam, na aliusifu samaki wa kuchomwa aliouona hauna mfano. Wachimbaji wa mambo ya kale wameupata msikiti huo, na kaburi linalotajwa kuwa la Bibi Maryam bado limesimama peke yake juu ya uwanda wa mawe. Wareno waliichoma Qalhat mwaka 1508, miaka 3 tu baada ya kuzipora Kilwa na Mombasa. Aliyewahi kutembea katika Kilwa Kisiwani atautambua ukimya wa mahali hapa.

Kasa wa Ras al Jinz

Mashariki ya Sur nchi ya Uarabuni inafika mwisho wake, Ras al Hadd, na karibu yake iko fukwe ya Ras al Jinz. Eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1996, na kituo cha wageni kilifunguliwa mwaka 2008. Hapa hupanda kasa uziwa, wale wale wanaotaga Watamu na katika kisiwa cha Juani huko Mafia.

Jike hutoka majini usiku, hujikokota hadi juu ya alama ya maji kujaa, huchimba shimo la mwili wake kwanza, kisha kwa mapezi ya nyuma huchimba tundu jembamba na kuangusha mayai kama mia moja. Akimaliza hufukia, hurusha mchanga ili kupoteza alama, na hurudi baharini. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Machozi yanayomtoka si ya uchungu, kama wavuvi wanavyopenda kusimulia. Ni chumvi anayoitoa mwilini. Vitoto huanguliwa baada ya takriban miezi miwili na hukimbilia upande wenye mwanga, ambao kwa maumbile ni upeo wa bahari. Taa za hoteli au za gari huvipoteza, navyo huishia midomoni mwa mbweha na kaa. Ndiyo maana wageni huingia kwa makundi, pamoja na mwongozaji, usiku au kabla ya alfajiri, na tochi na picha za mwanga haziruhusiwi. Kuna jambo jingine linalowashughulisha wataalamu: joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia ya kitoto, na mchanga wenye joto zaidi hutoa majike wengi kuliko madume.

Fukwe hiyo ina historia pia. Wachimbaji wa Kifaransa na Kiitalia, walioanza kazi katika miaka ya 1980, walipata Ras al Jinz vipande vya lami vyenye alama za matete na kamba, mabaki ya vyombo vya baharini vya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kumbe watu wa hapa walikuwa mabaharia kabla ya kuwapo kwa Sur.

Nizwa na makasri ya maimamu

Nizwa, katika mkoa wa Ad Dakhiliyah, ni Oman nyingine. Hapa hakuna bahari wala harufu ya karafuu; hapa ni makao ya kale ya Maimamu wa Kiibadhi. Mnara wa duara wa ngome yake, wenye urefu wa takriban mita 30, ulijengwa kwa muda wa miaka 12 katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, yule aliyewafukuza Wareno Muscat mwaka 1650. Mnara umejazwa udongo na mawe hadi katikati ili uvumilie mizinga. Ngazi zake zina pembe kali, na juu ya kila mlango kuna tundu ambalo walinzi waliweza kummiminia adui asali ya tende iliyochemka. Uliwahi kupigwa na roketi za ndege za Kiingereza mwaka 1957, wakati wa vita baina ya Imamu na Sultan. Kijiji cha Tanuf, karibu na hapo, kilibomolewa kwa mabomu katika vita hivyo na kimeachwa kilivyo.

Pembeni mwa mji unapita Falaj Daris, mmoja kati ya mifereji mitano iliyoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2006. Maji hutoka chini ya ardhi na kushuka kwa mteremko mdogo sana hadi mashambani, na kila mwenye haki hupewa zamu yake kwa kipimo kiitwacho athar, kama nusu saa, ambacho zamani kilihesabiwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Oman inayo mifereji kama hiyo ipatayo 3,000 inayotumika. Hapa warithi wengi si tatizo: kila mmoja anazo dakika zake.

Kilomita 40 na ushei kutoka Nizwa, baada ya kuipita ngome kubwa ya Bahla, ambayo ilikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1988 hadi 2004, liko kasri la Jabrin. Kama mgeni ana siku moja tu ya kutazama nyumba za kale za Oman, basi na aje hapa. Imamu Bil'arab bin Sultan alilijenga katika nusu ya pili ya karne ya 17 kama makazi na chuo. Dari zake za mbao zimechorwa maua kwa rangi nyekundu na nyeusi, na ukumbi wa Jua na Mwezi una madirisha 14, saba chini na saba juu, ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Kuna hata chumba cha farasi wa Imamu ghorofani. Bil'arab alizingirwa humo humo na nduguye, akafa mwaka 1692, na kaburi lake liko chini ya kasri. Ndugu huyo ni Saif bin Sultan, ambaye miaka 6 baadaye jeshi lake liliingia Mombasa.

Nizwani kuna jambo lingine la kutazamwa na watu wa Ibra. Mtaa wa kale wa Al Aqr, chini ya ngome, ulikuwa ukibomoka kama Al Munisifeh. Wenyeji waliunganisha fedha zao, wakanunua na kukodi nyumba kutoka kwa warithi, na leo nyingi kati yake ni nyumba za wageni na migahawa. Wapo wanaonung'unika kwamba mtaa umegeuka duka. Lakini mapaa yapo. Huko Unguja, Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883 iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya ukarabati uliogharimiwa na Oman, na watu wakapoteza maisha. Kuchelewa kukarabati kuna bei yake.

Kwa wanaokusudia kusafiri, miezi ya Novemba hadi Machi ndiyo yenye hewa nzuri bara. Kasa hutaga mwaka mzima, ila kwa wingi zaidi wakati wa kiangazi, ambapo joto la Ibra na Nizwa linaweza kupita nyuzi 45. Soko la mbuzi la Nizwa ni Ijumaa asubuhi mapema, na kufikia saa tatu kwa hesabu ya Waswahili linakuwa limekwisha. Makumbusho makubwa ya Oman Across Ages, yaliyofunguliwa Machi 2023, yako Manah, karibu na Nizwa. Mavazi yawe ya heshima, na mawingu yakitanda milimani usiingie bondeni, kwani mafuriko huja bila taarifa. Katika mitaa mikongwe ya Ibra usipande ngazi za nyumba isiyo na paa, na usiingie mlango uliofungwa bila kumuuliza mtu. Ukimuuliza mzee, jaribu kwanza kwa Kiswahili.